Mistari Minane Mlangoni

Asubuhi hiyo Kimya alikuwa anapiga pasi sketi ya shule, na simu ya mama yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, inapiga kelele za grupu la wazazi. Si kwamba alikuwa anachungulia mambo ya watu. Mama yake alikuwa bafuni na sabuni machoni, na ndiye aliyepaza sauti kutoka huko, "Hebu nisikilizie hao wanataka nini tena! Simu inalia kama king'ora!" Basi Kimya akabonyeza ule ujumbe wa sauti uliokuwa juu kabisa, ule ulioandikwa kwamba umesambazwa mara nyingi, akaendelea kunyoosha marinda.

"Wazazi wenzangu, nasema mbele ya Mungu wangu, mimi si mtu wa maneno mengi..."

Pasi ikasimama palepale.

Sauti ile Kimya angeijua hata ingetoka ndani ya pipa. Ni sauti iliyomsuka nywele miaka miwili mizima, ikimwambia kaa sawa, inamisha kichwa, acha kulia wewe si mtoto. Sauti ya Shangazi, dada yake baba. Na Shangazi, kama kawaida yake, akisema si mtu wa maneno mengi, vuta kiti ukae.

"Kuna katuni inaonyeshwa kwenye kumbi, inaitwa Nungunungu wa Ghorofa ya Tatu. Wanasema ni ya familia. Familia ya nani? Ndani yake kuna ujumbe wa siri, wapendwa. Pale Bibi Nungunungu anapofungua mlango wa jikoni, tazameni fremu ya mlango. Kuna mistari minane. Mitano myekundu, mitatu ya bluu, na ule wa bluu wa juu umelala upande, haukunyooka kama mingine. Hayo si mapambo. Hiyo ni hesabu. Wanahesabu watoto wetu! Mimi ninalea mtoto wa miaka tisa, na huyo wangu hiyo filamu hataiona, labda nife. Sambazeni, tuokoe watoto."

Harufu ya kitambaa kuungua ndiyo iliyomrudisha Kimya duniani. Aliponyanyua pasi, nyuma ya sketi palikuwa na alama ya kahawia, imechongoka mbele kama pua ya mtumbwi, haina pa kujificha. Na sketi ya pili ilikuwa kwenye beseni, imelowa.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na taulo kichwani. Alikuwa amesikia yote.

"Zima pasi," alisema. Basi, hilo tu.

Sasa ni lazima ielezwe kuhusu huo mlango, maana bila mlango hasira ya Kimya haina miguu.

Mama yake Kimya alikuwa mchoraji wa mandhari kwenye studio ya katuni. Wanyama wanaoruka na kuongea walichorwa na wengine. Yeye alichora kila kitu ambacho hakisogei: kuta, ngazi, sufuria zilizoning'inia, anga, nyufa za sakafu. Kazi ya kuchosha macho, na ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba umeifanya. Alipopewa kuchora jiko la Bibi Nungunungu, akachora la kwake. Na kwenye fremu ya mlango wa jiko lake kulikuwa na mistari minane ya kalamu, ambayo haikuwa siri wala hesabu ya shetani yeyote. Kila likizo ndefu ilipoanza, watoto walisimamishwa pale, kamusi nene ikawekwa kichwani, mstari ukachorwa. Myekundu ya Kimya, tangu miaka saba mpaka kumi na mmoja. Ya bluu ya mdogo wake, Nukta, aliyeitwa hivyo kwa sababu alizaliwa kadogo kiasi kwamba nesi alisema hako si mtoto, hako ni nukta. Ya bluu ilikuwa mitatu. Wa nne haukuwepo, kwa sababu baba alimchukua Nukta akasema ni likizo ya wiki mbili, na hizo wiki mbili zilikuwa zimetimiza miaka mitatu sasa. Walihamia mji mwingine, baba na Shangazi na mtoto. Mama alizunguka maofisi mpaka viatu vikaisha kisigino. Kila ofisi ilimwambia faili lipo kwa mwenzao. Akipiga simu, namba yake imezuiwa. Akituma zawadi, zinarudi hazijafunguliwa, na gundi yake ileile.

Basi akaona: barua haifiki, simu haifiki, lakini katuni itafika. Katuni inafika kwa kila mtoto. Akauchora mlango wao, mstari kwa mstari, akijua kwamba siku moja Nukta atakaa kwenye kiti gizani na bisi zake mkononi, atauona, na atajua mama hajaupaka rangi mlango. Kwamba alama yake ipo. Kwamba pa kuendelea pameachwa.

Wiki iliyopita mama alikuja nyumbani anatembea kama mtu aliyeficha kitu mdomoni. Kwenye karatasi ya shule zilizoagiza tiketi aliiona shule ya Nukta. Darasa la nne, watoto arobaini na wawili, Ijumaa saa nne asubuhi. Kimya na mama yake walisomeana ile karatasi mara nyingi mpaka ikaanza kuchanika kwenye mkunjo.

Na leo ilikuwa Jumanne.

"Ni Shangazi," Kimya alisema.

"Nimesikia."

"Mama, ni Shangazi!"

"Nimesikia, mwanangu. Vaa sketi uende, utachelewa."

"Imeungua."

Mama yake aliigeuza ile sketi, akaitazama. "Vuta sweta lishuke," alisema. "Hakuna atakayeona."

Hakuna atakayeona! Kimya hajafika hata kwenye bomba la maji la shule, akasikia sauti kutoka ng'ambo ya uwanja.

"Wee Kimya! Umekaliwa na pasi au umeikalia wewe?"

Huyo alikuwa Spika, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Uwanja mzima ukageuka. Kutoka hatua sitini, vumbi katikati, jua machoni, sweta limeshushwa mpaka magotini karibu, na bado aliona. Kimya akajikaza akapita, uso unawaka. Alikuwa anaitwa Kimya tangu darasa la tatu, na jina lilimkaa vizuri. Akiulizwa swali darasani aliliandika jibu kwenye kiganja, akamwonyesha jirani yake alisome.

Darasani hapakuwa na mada nyingine ila Nungunungu. Kila mtu alikuwa amesikia ule ujumbe, na kila mtu sasa alikuwa mtaalamu.

"Mimi niliona pembe kwenye mawingu," alisema mvulana wa dawati la mbele.

"Mimi mvuke wa birika uliandika sita sita sita."

"Ile miiba ya nungunungu ukiihesabu inatoka mwaka wa mwisho wa dunia."

"Umeihesabu?"

"Binamu yangu kaihesabu."

"Binamu yako yule aliyerudia darasa mara mbili kwa sababu ya hesabu?"

Watu wakaangua kicheko. Kimya alikuwa amekaa na mikono chini ya mapaja. Leo hakuandika kitu kiganjani.

"Mlango mliuona?"

Darasa likanyamaza, si kwa sababu ya swali, ila kwa sababu ya muulizaji.

"Kimya anaongea," mtu alinong'ona. "Andikeni tarehe."

"Ninauliza. Mlango wa jikoni. Wa Bibi Nungunungu. Nani aliuona?"

"Mlango upi?" alisema Spika. "Mimi nimeiona hiyo filamu mara mbili, mara ya kwanza na wadogo zangu, mara ya pili wadogo zangu walilia nikarudishwa. Mlango upi?"

"Pale puto linapopasuka."

"Aaa! Pale mtoto anapokaa na puto limenasa kwenye miiba?" Spika akaanza kucheka peke yake. "Pale ukumbi mzima ulikuwa chini kwa kicheko! Nani ataangalia mlango, na puto liko upande wa pili linakaribia kupasuka? Mimi hata bibi mwenyewe sikumwona."

"Kwa hiyo mistari hukuiona."

"Mistari gani, shoga, mimi niliona puto!"

"Wewe?" Kimya akamgeukia wa pembe. "Mistari uliiona?"

"Niliona pembe."

"Nimekuuliza mistari."

"Hapana, lakini kama kuna mistari na pembe zipo."

"Wewe wa birika?"

Hakuna. Kumi na saba walikuwa wameiona ile filamu, na hakuna hata mmoja aliyeuona mlango. Hapo Kimya akapandwa na ghadhabu ambayo hakujua inakaa wapi siku zote. Alipiga dawati kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka.

"Hamkuona kitu! Mama yangu alikaa siku kumi na moja anachora ule mlango, macho yanamtoka maji, na hamkuona kitu! Halafu mnakuja hapa na mapembe! Alama ya pasi mmeiona kutoka getini, lakini mtu akiwachorea kitu cha kweli mbele ya pua zenu mnaona puto!"

Mwalimu wa historia alikuwa ameshaingia na amesimama na chaki yake. Spika alikuwa ameacha mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe haukutoka sauti.

Kipindi kilipoisha Spika alivua sweta lake, kubwa kuliko la Kimya, akalitupa kwenye dawati lake. "Funga kiunoni," alisema, akitazama dirishani. "Utanirudishia kesho. Na usinipigie kelele tena, nina moyo mdogo."

Baada ya shule Kimya hakwenda nyumbani. Alikwenda studio.

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Chumba kimoja kirefu, mapazia meusi mchana kutwa, feni zinazungusha hewa moto, waya zimebandikwa sakafuni kwa utepe mweusi, na kila meza ina kioo cha kompyuta na kalamu ya kuchorea isiyo na wino. Kimya alipapenda siku zote kwa sababu watu wa pale hawaongei. Leo waliongea.

Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, simu mbili mkononi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na sauti yake ilipozidi kuwa laini ndipo watu waliposogeza viti.

"Shule tisa," alisema. "Mpaka saa hizi shule tisa zimejitoa. Shikamoo yako nimeipokea, binti, kaa pale. Shule tisa, mama, kwa sababu ya mistari. Nikawaambia watu mistari hakuna. Nikaapa! Halafu nikasema hebu nitazame. Nikasimamisha picha. Ipo!"

"Ipo," mama alisema.

"Filamu hii nimeitazama mara mia mbili. Nimeitazama kwa sauti, bila sauti, kinyumenyume. Sikuiona. Ulichora lini?"

"Ulipitisha mwenyewe. Sahihi yako ipo."

"Nilipitisha jiko!"

"Ni mistari ya urefu wa watoto, Bosi. Kila nyumba inayo."

"Basi nenda kawaambie shule tisa. Mpaka umalize kuelezea, watakuwa wameshaona kingine." Akavuta pumzi. "Futa. Kesho kutwa kumbi zote zinapata nakala mpya. Mlango msafi, wa kahawia, wa mbao. Basi."

"Itabidi nipake kila picha ya tukio hilo, moja moja."

"Sekunde mbili, mama! Ni sekunde mbili! Watazamaji wa kawaida hawaoni kitu ndani ya sekunde mbili, nani atajua kama ilikuwepo au haikuwepo? Mimi naongea na wewe kama mtu mzima. Mtazamaji wa kawaida anaangalia kinachosogea. Kingine chote hakipo."

Kimya alikuwa amekaa kwenye kiti kilichovunjika mgongo, na maneno hayo yakamwingia moja moja. Sekunde mbili. Hawaoni kitu. Bosi, mara mia mbili. Spika, mara mbili. Watu kumi na saba na macho yao thelathini na nne.

Lakini Shangazi alihesabu minane.

Shangazi alijua mitano ni myekundu na mitatu ni ya bluu. Shangazi, anayevaa miwani na kuisahau kila anakokwenda, alikaa kwenye ukumbi wa giza, puto linapasuka, watu wanaanguka kwa kicheko, na ndani ya sekunde mbili akaona kwamba mstari wa bluu wa juu umelala upande. Haiwezekani. Haiwezekani kabisa, ila kwa mtu mmoja: yule anayeujua mlango tayari.

Na nani aliulaza ule mstari upande? Kimya aliiona ile siku kama iko mezani mbele yake. Nukta ana miaka sita, amesimama kwa vidole vya miguu kwa siri ili aonekane mrefu. Shangazi ameshika kamusi kwa mkono mmoja na kalamu ya bluu kwa mkono mwingine. Anamwambia, "Shusha visigino, mwizi wewe!" Anamtekenya, Nukta anapiga kelele, kamusi inateleza, kalamu inakwenda upande. Mama akasema tufute, tuchore upya. Nukta akakumbatia mlango kwa mikono yote miwili. "Usifute! Huo ndio urefu wangu!" Na Shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

Mkono ulikuwa wake. Mstari ulikuwa wake. Halafu anasema mbele ya Mungu wake kwamba ni hesabu ya shetani!

Asubuhi Kimya alidhani Shangazi amekosea. Alidhani ni ujinga, kama wa pembe na birika, na mtu mjinga unaweza kumsamehe. Sasa akaelewa haukuwa ujinga. Alijitia hamnazo.

"Bosi," alisema, na mama yake akageuka kwa mshangao. "Shule ya kwanza kujitoa ni ipi?"

"Ya kwanza?" Bosi alitazama simu. "Ile ya darasa la nne, watoto arobaini na wawili. Hao walijitoa tangu Jumamosi, kabla hata ya hiyo sauti kuzagaa. Mlezi mmoja aliwaandikia."

Kimya na mama yake wakatazamana. Mama hakuuliza mlezi gani.

"Sauti imekuja baadaye," Kimya alisema. "Ili asiwe peke yake. Ili watu wote waseme kama yeye."

"Mnaongea kitu gani?" aliuliza Bosi.

"Ya nyumbani," mama alisema. Akavuta kiti, akashika ile kalamu isiyo na wino. "Nafuta."

"Mama!"

"Kimya. Nyamaza."

Kimya alinyamaza, lakini si ule ukimya wake wa siku zote. Alisimama nyuma ya mama yake akaangalia. Kwenye kioo, mlango ulikuwa mkubwa kuliko wa kweli. Mama alichukua rangi ya kahawia kutoka kwenye mbao ileile, akaanza juu. Mstari wa Kimya wa miaka kumi na mmoja ukatoka. Wa miaka kumi. Wa tisa. Ilikuwa inatoka kirahisi sana, kama haikuumiza mtu kuiweka. Mama hakulia. Alikuwa ameng'ata ulimi kwa pembeni, kama anavyofanya akitunga uzi kwenye sindano. Myekundu ikaisha. Akafuta wa bluu wa chini, akafuta wa pili. Akafika kwenye ule uliolala.

Akainua kalamu. Akabadilisha rangi. Badala ya kuufuta, akaupaka kahawia nyeusi, akauchana kidogo kwenye ncha, akauwekea kivuli chembamba chini. Ukawa ufa kwenye mbao. Ufa uliolala upande.

Bosi akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Na huo?"

"Huo ni ufa."

"Kwa nini kuna ufa?"

"Mlango wa bibi mzee, Bosi. Ungekuwa mpya ungeniuliza kwa nini mpya."

Bosi alitazama, akafikiri, akaguna. "Sawa. Ufa hauna rangi, hauna namba. Sawa." Akaondoka na simu zake, sauti yake inapanda tena kuwa ya kawaida, anamwambia mtu kwamba filamu sasa ni safi kama chupa ya maziwa.

Mama akazungusha kiti. "Atauona," alisema polepole. "Akiuona ule tu, atajua."

"Atauona wapi? Shule yake imejitoa. Na yule hawezi kumpeleka."

Mama alirudi kwenye kioo, maana sekunde mbili ni picha nyingi, na zote zilihitaji ufa.

Kimya alikwenda nyumbani kwa miguu. Njiani aliwapita wanawake wawili kwenye kituo, mmoja anamwambia mwenzake, "Hizo katuni usiziamini, zote zina mambo ndani," na mwenzake anatikisa kichwa, "Watu wana akili mbaya jamani." Kimya alitamani kuwashika mabega. Ndiyo, zina mambo ndani! Zina mtoto ndani! Zina mama aliyekosa pa kupitia! Lakini mtatazama pembe mpaka shingo ziwakauke, na kilichowekwa hamtakiona, na mtu mwongo akija kuwaambia ameona, mtambeba mabegani!

Aliharakisha.

Jikoni kulikuwa na mwanga bado, jua la jioni linaingia kwa dirisha la sinki na kuangukia kwenye fremu yenyewe, ya kweli. Mistari minane. Kimya alisimama pembeni yake. Ule wa bluu uliolala ulimfika chini ya mbavu. Alijaribu kumweka Nukta wa sasa pale, wa miaka tisa, akakuta hajui aweke kiganja wapi. Kifuani? Begani? Huyo ni mdogo wake wa damu na hajui aweke kiganja wapi. Hapo ndipo machozi yalipokuja, nayo yalikuja kwa hasira, akayafuta kwa sweta la Spika.

Akatoa simu yake. Namba ya Shangazi alikuwa nayo. Mama alizuiwa, lakini Kimya hakuzuiwa, kwa sababu Kimya hana madhara. Kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake Shangazi humtumia picha ya ua na maneno "Hongera mwanangu, ukue kwa adabu," na kila mwaka Kimya hujibu "Asante Shangazi." Mara moja tu, mwaka juzi, aliongeza, "Nukta hajambo?" Akajibiwa, "Yuko salama, msimsumbue, amesahau." Akaandika, "Sawa Shangazi."

Sawa! Alitamani arudi nyuma amtoe yule msichana aliyeandika sawa, amtikise.

Akapiga picha ya mlango. Ya kwanza ilitoka na kivuli cha kichwa chake, akaifuta. Ya pili ilitoka vizuri, mistari yote, hata ile alama ya kidole cha wino ambayo Nukta aliiacha alipokuwa anaukumbatia mlango. Akaituma. Kisha akaandika, na vidole vyake havikusimama hata mara moja:

"Shikamoo Shangazi. Ni Kimya. Ile sauti nimeisikia, na ni yako. Nimewauliza watu kumi na saba walioiona ile filamu. Hakuna aliyeuona mlango. Bosi wa mama ameitazama mara mia mbili, hakuuona. Wewe umehesabu minane gizani, na rangi zake, na uliolala. Uliulaza wewe Shangazi, ulikuwa unamtekenya. Kwa hiyo usiniambie hukujua. Ungekuwa hukujua ningekusamehe leo hii.

Umesema amesahau. Kama amesahau, unaogopa nini? Mlango wa katuni utamfanya nini mtoto aliyesahau?

Mama amelazimishwa kuifuta mistari yote. Amebakiza mmoja, kaufanya ufa. Ijumaa saa nne mpeleke. Wewe mwenyewe, kaa naye. Puto likianza kupasuka usimzibe macho. Na kama humpeleki, basi mwonyeshe hii picha. Na kama hutaki hata hilo, niandikie wewe kwa mkono wako kwamba hutaki, nikae nayo. Sitasema sawa tena."

Aliisoma mara moja. Aliona ameandika shikamoo, akafikiria kuitoa, akaiacha. Akatuma.

Tiki moja. Tiki mbili. Akaegemeza mgongo kwenye fremu, kisogo juu ya mstari wake wa mwisho, ambao sasa ulikuwa umeshabaki chini ya masikio yake. Nje mtu alikuwa anaburuta mtungi wa gesi. Tiki zikageuka bluu: ameusoma.

Juu ya jina la Shangazi pakaandikwa: anaandika. Kimya akashika simu kwa mikono miwili. Anaandika. Pakafutika. Anaandika. Pakafutika tena, na mahali pake pakabaki jina tu, na picha ndogo ya ua.

Jua likatoka kwenye mstari wa chini, likapanda kwenye wa juu yake, likapanda tena. Kimya akawasha taa ya jikoni, akarudi akasimama palepale. Tiki mbili za bluu, na chini yake hakuna kitu.